Farasi wa Mizigo wa Vita vya 1914: Ununue, Uchongeshe au Uunde Mwenyewe?

Tangu Uganda ianze mtaala mpya wa sekondari mwaka 2020, miradi imekuwa sehemu ya masomo, na ng'ambo ya mpaka mtaala wa umilisi wa Kenya unataka vivyo hivyo. Mzazi wa Mulanda, huku kwetu Tororo, anayeambiwa mwanawe aunde kitu cha historia huuliza kwanza gharama. Makala hii inashughulikia kitu kimoja tu: modeli ya farasi au nyumbu wa mizigo wa jeshi, wa aina iliyovuka nchi zetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Njia za kumpata ni nne, na njia ghali kuliko zote hugharimu zaidi ya mara tatu ya ile nafuu. Mimi nasimama upande wa anayeunda mwili wa mnyama mwenyewe, kwa ukubwa wa kuonekana, kisha akaelekeza pesa na subira yake kwenye tandiko na mizigo. Nitaeleza kwa nini, hesabu zikiwa mezani.

Kabla ya bei, amua unamuunda mnyama gani na wa mwaka gani, maana uamuzi huo ndio unaobadilisha matumizi. Eneo letu lilijua misafara mapema. Barabara ya Mackinnon na Sclater, ile njia ya mikokoteni ya ng'ombe iliyoanza kujengwa mwaka 1890 kutoka pwani, iliishia Busia, na hadi reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901 mzigo wa kwenda Uganda ulisafiri kwa kichwa cha mtu, kwa mgongo wa mnyama au kwa gari la ng'ombe. Vita vilipoanza Agosti 1914, walowezi walikusanyika Nairobi wakaunda kikosi cha wapanda farasi, East African Mounted Rifles. Kutoka India zikaja bateria za mizinga ya milimani, ya 27 na ya 28. Mizinga hiyo ilifunguliwa vipande vipande, kila kipande kikapandishwa kwenye mgongo wa nyumbu wake: mtutu huku, magurudumu kule, risasi kwa mwingine. Bateria ya 28 ilikuwamo katika msafara uliokwenda Tanga Novemba 1914, na ya 27 ilipigana upande wa Longido mwezi huohuo.

Kisha akaja Jan Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, mwanzoni mwa 1916, na maelfu ya farasi kutoka Afrika Kusini. Mmoja wa makamanda wake, Jacob van Deventer, aliwaongoza wapanda farasi kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi mwezi Aprili, mvua zikinyesha, na farasi wakafa njiani kwa wingi. Mbung'o na ugonjwa wa nagana vilimaliza wanyama haraka kuliko risasi. Kwa hiyo nyumbu wa Longido wa 1914 na farasi wa Kondoa wa 1916 hawafanani kabisa. Wa kwanza ana nyama, manyoya yake yanang'aa, mikanda yake ni mipya. Wa pili mbavu zinahesabika, nyonga zimechomoza, kichwa kimeinama chini ya mstari wa mgongo.

Hapo ndipo mnunuzi anapoanza kupoteza pesa bila kujua. Farasi wa kiwandani, awe mwanasesere au wa kuunganishwa, karibu kila mara ni mnyama aliyeshiba, mrefu, wa mashindano au wa gwaride. Ukimtaka awe wa Kondoa itabidi umkwangue mbavu, umpunguze tumbo, umkate shingo na kuiinamisha. Umelipia mwili mzuri ili uuharibu. Na ukitaka nyumbu, masikio yarefushwe, kwato zifanywe nyembamba na kusimama wima zaidi, mkia upunguzwe manyoya pale unapoanzia.

Suala la pili ni skeli, na hapa nawaomba wasomaji watulie kidogo, kwa kuwa makosa mengi ya matumizi huanzia hapa. Chukua mnyama wa mizigo wa kimo cha sentimita 142 begani, kimo cha kawaida kwa kazi hiyo. Kwa 1/72 anakuwa na sentimita 2 tu. Kwa 1/35, skeli inayopendwa na viwanda vya modeli za kijeshi, ana sentimita 4. Kwa 1/20 ana sentimita 7, kwa 1/12 karibu 12, na kwa 1/10 ana sentimita 14 na kidogo. Watu wengi hufikiri kidogo ndicho rahisi na nafuu. Sasa mpime mkanda. Mkanda halisi wenye upana wa milimita 38 na unene wa milimita 4 unakuwa, kwa 1/35, upana wa milimita 1.1 na unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Huwezi kuukata kwa wembe wa dukani na ngozi ya fundi viatu. Utahitaji karatasi ya risasi au ya shaba nyembamba, koleo ndogo za usahihi, kioo cha kukuzia, na pengine bizimu zilizokatwa kiwandani, vyote vya kuagiza. Kwa 1/10 mkanda uleule una upana wa karibu milimita 4 na unene wa 0.4. Huo unakatwa kwa rula na wembe juu ya meza yoyote, na bizimu ya milimita 5 unaikunja mwenyewe kwa waya. Kadiri skeli inavyokua ndivyo vifaa vya dukani kwetu vinavyotosha. Kwa mtu wa Kampala mwenye zana za kuagiza, 1/35 ina raha yake. Kwa Mulanda, 1/10 au 1/12.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni kuagiza sanduku la vipande kutoka ng'ambo. Viwanda kama Tamiya, Italeri na MiniArt vina farasi na wanyama wa jeshi kwa 1/35 na skeli ndogo zaidi, ingawa vingi vinahusu Vita vya Pili na majeshi ya Ulaya. Bei kwenye duka la Ulaya au Marekani mara nyingi huwa kati ya dola 15 na 30. Hiyo siyo bei utakayolipa. Tuseme sanduku ni dola 25 na usafirishaji dola 25. Forodha huhesabu ushuru juu ya jumla hiyo, dola 50. Vitu vya kuchezea na modeli vimo katika kifungu cha 9503 cha tarifa ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukikadiria ushuru wa asilimia 25 unaongeza dola 12.50. Juu ya 62.50 hizo inakuja VAT, ambayo Uganda ni asilimia 18, yaani dola 11.25. Umefika dola 73.75 kabla ya tozo ndogo ndogo na nauli ya kwenda kuchukua kifurushi. Kwa dola moja kuwa shilingi 3,600 za Uganda, hiyo ni takriban shilingi 265,000. Na sandukuni hamna rangi, hamna gundi, hamna brashi.

Kuna wanaodhani wataokoa pesa kwa kupokelea mzigo upande wa Kenya, ambako VAT ni asilimia 16, kisha wauvushe Busia kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo. Utaratibu huo upo na ni mzuri, lakini ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Sanduku la Japani au Italia haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa kulala Nairobi siku mbili. Tangazeni mlichonacho, mlipe, mwende kwa amani. Akiba ya asilimia mbili haifai kumweka mtoto wala mzazi mashakani mbele ya afisa.

Njia ya pili ni farasi aliyekamilika, anayegeuzwa kuwa wa mizigo. Kampuni ya Breyer ya Marekani hutengeneza farasi wa 1/9, ambao huanzia kama dola 50, na wa 1/12 na 1/32 kwa bei ya chini zaidi. Ni wazuri mno kwa umbile, misuli imechorwa na watu wanaomjua farasi. Kwa skeli ya 1/9 tandiko utakalomshonea litaonekana hasa. Ila kwa bei hiyo, pamoja na nauli na ushuru uleule, umeshapita shilingi laki tatu. Schleich ya Ujerumani ina wanyama wadogo zaidi, karibu 1/20, kwa kama dola 10 huko kwao, na hawa ndio mzazi anaweza kuwakuta hata katika maduka makubwa ya wanasesere mijini.

Kuna mlango mwingine wa njia hiyohiyo ambao naupenda zaidi: mitumba. Katika marundo ya wanasesere wa mitumba upande wa Busia, Kenya, farasi wa plastiki hupatikana, wengine wazima, wengine bila mguu. Tenga shilingi 100 hadi 200 za Kenya na uende asubuhi na rula mfukoni. Pima kimo begani kabla ya kupatana bei. Tafuta mnyama anayetembea au aliyesimama. Anayeruka kwa miguu miwili hafai kubebeshwa mzigo. Asiwe na tandiko la kupanda lililoyeyushwa pamoja na mgongo, kwani kulikwangua kutakuchosha. Mara nyingi plastiki hiyo ni laini, ya PVC, kwa hiyo mwoshe kwa sabuni, mkwaruze kidogo kwa msasa laini, kisha mpake rangi ya msingi kabla ya nyingine. Bila hivyo rangi itabanduka siku utakayomfunga mikanda. Maji ya moto hulainisha mguu au shingo kiasi cha kuinamishwa, kisha unamtumbukiza katika maji baridi akae hivyo. Kwa darasa lenye haraka na bajeti finyu, sina pingamizi na njia hii.

Ya tatu ni kuchongesha. Sanaa ya uchongaji ya Wakamba ina uhusiano wa moja kwa moja na vita tunavyovisimulia, na inasikitisha kwamba watoto wetu hawafundishwi jambo hilo. Mutisya Munge wa Wamunyu, anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, alikwenda Tanganyika katika vita hivyo, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi na ufundi ambao leo unalisha familia nyingi kuanzia Ukambani hadi Changamwe, Mombasa, ulipo ushirika wa Wakamba wa kazi za mikono. Kwa hiyo mnyama wa vita hivyo aliyechongwa na fundi wa Kikamba ana haki ya kipekee ya kuwa juu ya meza ya shule. Bei ni ya mapatano, na inategemea kimo na mti. Jakaranda ni mwepesi na hukatika vizuri, mpingo ni mzito na ghali, na huku kwetu Uganda musizi huchongeka bila shida. Usiende kwa fundi na maneno matupu, "nataka farasi wa jeshi." Atakupa pundamilia asiye na milia, maana huyo ndiye anayemjua mkono wake. Mpelekee michoro mitatu ya ukubwa kamili, ubavu, mbele na juu, na umwambie miguu isiwe minene kuliko mchoro. Malipo ya awali yasizidi nusu. Udhaifu wa njia hii ni miguu: mti huvunjika pale nyuzi zake zinapokatiza mguu mwembamba, na safari ya basi kutoka Mombasa hadi Busia ni ndefu. Omba aache kipande cha mti kati ya miguu, ukikate mwenyewe ukifika nyumbani.

Ya nne ndiyo ninayoipendekeza. Nenda Tororo au Busia ukanunue waya wa milimita 3 wa uzio, usio na miiba, na waya mwembamba wa kufungia nondo. Bajeti ya Uganda, kwa mnyama mmoja wa 1/10, iwe hivi: waya aina zote mbili shilingi 8,000, gundi nyeupe ya mbao 10,000, kopo la kilo moja la bodi fila ya magari 20,000, msasa wa aina tatu 5,000, rangi na brashi 25,000, vipande vya ngozi, uzi na kitambaa cha kaki 7,000. Jumla 75,000. Hiyo ni chini ya thuluthi moja ya sanduku la kuagiza, na mnyama ni mkubwa mara tatu na nusu kwa kimo. Wakishirikiana wanafunzi watatu inashuka zaidi, maana kilo moja ya bodi fila inatosha wanyama watatu, na rangi na gundi vilevile. Gawa 55,000 za gundi, bodi fila na rangi kwa watatu, ongeza 20,000 za kila mmoja, na kila nyumba inalipa karibu 38,000.

Wengi watauliza kwa nini nisiseme udongo, na kwetu upo wa bure. Udongo wa mfinyanzi husinyaa unapokauka lakini waya hausinyai, kwa hiyo hupasuka miguuni na shingoni, na ukiutia motoni na waya ndani unapasuka zaidi. Udongo utumie kwa sampuli, kujifunza umbo, kisha uuache. Mwili uwe wa waya, uliozungushiwa karatasi za magazeti zilizokazwa kwa uzi na gundi, ukavikwa bodi fila ya unene wa milimita 3 hivi. Kazi ya bodi fila ifanyike nje, pua zikiwa zimefunikwa, na usimpe mtoto mdogo kuichanganya, kwa sababu inapoganda hutoa joto na harufu kali. Iache igande, ipige msasa, ongeza pale palipobonyea. Mbavu za farasi wa Kondoa zinachongwa hapa kwa kijiti kabla haijakauka kabisa.

Vipimo vya mnyama ni vya bure. Punda wa mizigo wapo Kapchorwa kwa Wasabiny, wakipanda na kushuka Elgon na magunia mgongoni, na mtu akiomba kwa adabu huruhusiwa kupima. Chukua futi ya kushonea: kimo begani, urefu kutoka kifuani hadi matakoni, mzingo wa tumbo, urefu wa kichwa, umbali kutoka goti hadi ardhini. Gawa kila namba kwa kumi. Nyumbu ni mkubwa kuliko punda, lakini jinsi mzigo unavyokaa, jinsi mkanda unavyokata nyama ya tumbo na miguu ya nyuma inavyopokea uzito, hakuna picha inayofundisha kama mnyama aliye hai.

Na sasa tandiko, ambalo ndilo linalomfanya awe wa jeshi. Tandiko la mizigo la Waingereza lilikuwa na matao mawili ya chuma, moja mbele na moja nyuma, yaliyoshikwa na mbao mbili zilizolala kando ya uti wa mgongo, na chini yake mito iliyojazwa ili chuma kisiguse ngozi. Kwenye matao kuna kulabu za kuning'iniza masanduku. Mkanda mmoja huzunguka tumbo, mwingine hupita kifuani kuzuia tandiko lisirudi nyuma mlimani, na mwingine huzunguka matako kulizuia lisisogee shingoni kwenye mteremko. Ukiacha huo wa matakoni, yeyote aliyewahi kufunga mzigo kwa punda ataona kwamba mzigo wako haufiki mbali. Matao yakunje kwa waya wa milimita 3 ulioupondaponda ukawa bapa. Mito ishone kwa kaki kuukuu na uijaze pamba. Ngozi ya fundi viatu ni nene mno, kwa hiyo tafuta ngozi ya pochi au glavu iliyochakaa, na uikwangue upande wa ndani. Mizigo isawazishe pande mbili, kwa maana mnyama wa jeshi alibeba takriban ratili 160, kilo 73, na sanduku moja zito upande mmoja lingemjeruhi kabla ya adhuhuri.

Rangi isikusumbue sana. Kahawia iliyokolea, vumbi jepesi la rangi ya udongo miguuni na tumboni, ngozi ya mikanda iwe na mng'ao mdogo, chuma kiwe cheusi chenye kutu kidogo. Mng'ao wa rangi za mafuta za milango hauwafai wanyama. Uliza rangi isiyong'aa, au changanya na poda ya chaki. Ununuzi wote huu unaweza kufanywa siku moja. Vifaa vya ujenzi tafuta Tororo, ngozi na nguo kuukuu Busia, na ukivuka upande wa Kenya beba hesabu ya shilingi moja ya Kenya kwa takriban 28 za Uganda, ili usikubali "bei ya mpaka" inayozungushwa kwa faida ya muuzaji.

Kama zimebaki shilingi elfu chache, usiongeze mnyama wa pili. Tengeneza hamali. Wanyama walipokufa kwa nagana, jeshi liliwageukia watu. Waafrika waliobeba mizigo upande wa Waingereza, Uganda ikiwemo, walikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa, hata kwa hesabu rasmi pungufu, walizidi 40,000. Kila mmoja alibebeshwa kama ratili 50, kwa hiyo mizigo ya nyumbu mmoja ilihitaji watu watatu hivi. Kwa 1/10 mtu wa sentimita 165 ana kimo cha 16.5, kwa hiyo utosi wake unafika juu kidogo ya bega la mnyama. Mifupa yake ni waya uleule, nguo yake ni mabaki ya kaki yaleyale, na mzigo wake ukate kutoka kipande cha mti kilichobaki. Mweke upande wa kichwa cha nyumbu, kamba mkononi, na sanduku kichwani lenye ukubwa sawa na yale yanayoning'inia kwenye kulabu.